Picha ya Ziwa Isiyo na Muhuri

Nesi Bhoke alinipigia simu nikiwa juu ya ngazi, napaka dari ya duka la mtu pale Bunda mjini. Kwa kawaida simu nikiwa juu siipokeagi, lakini nilivyoona jina lake nikajua ni habari za ile picha, maana mimi na yeye hatuna habari nyingine. "Vero," akasema, "tunahamia jengo jipya. Picha yenu tumeshaishusha ukutani, na kioo tumekitoa. Mwalimu Zaituni anakuja Alhamisi kutoka Mwanza kuiangalia, amesema na wewe uwepo." Nikamwambia sawa dada, nitakuja. Halafu nikashuka, nikakaa juu ya debe la rangi, brashi bado mkononi. Mwenye duka akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamjibu hapana, ni mwalimu wangu anakuja. Akacheka mpaka akashika kaunta: "Mwanamke mzima na fundi rangi, unamwogopa mwalimu? Ulikula chaki zake?" Nikacheka naye. Lakini mwalimu mwenyewe sikumwogopa. Niliogopa kona moja ya ile picha, kona ya chini upande wa kushoto, ambayo ilikuwa tupu kwa miaka kumi na moja, na nilijihesabu kuwa mimi ndiye niliyeifanya iwe tupu.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa ya kumfanya mtu aangalie chini anapoyataja. Nikaondoka Butiama na begi moja nikaenda Musoma kujifunza kushona kwa Mama Shabani, ambaye cherehani zake mbili zilikaa barazani kwenye nyumba moja ya Mukendo. Nyumba yenyewe ilikuwa ya Mwalimu Zaituni, na mimi nilipangishwa chumba cha uani, kando ya jiko la udongo. Watu walimwita Mwalimu lakini hakuwahi kusomea ualimu. Alikuwa mpiga chapa wa shule ya sekondari mpaka alipostaafu mapema, na jina hilo alilipata kwa kuwafundisha watoto wa mtaa kuchora kila Jumamosi. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye ushungi wa rangi ya majivu na tabia ya kukuangalia kwanza mikono kabla ya uso. Siku ya kwanza nilivyomwamkia, "Shikamoo Mwalimu," akajibu, "Marahaba, una vidole vya kulima," halafu akaendelea na shughuli zake. Mimi nikaingia chumbani nikaviangalia vidole vyangu karibu nusu saa nzima, sijui kama nimesifiwa au nimetukanwa.

Chumba chake cha katikati ndicho kilichonifanya niwe mtu niliyepo leo, kwa hiyo nikieleze vizuri. Kilikuwa hakina meza. Kulikuwa na mkeka, blanketi la kijivu lililotandikwa sakafuni, jiwe jeusi lenye bonde katikati, bakuli tatu za maji, na brashi zilizoning'inizwa kichwa chini kwenye uzi kama samaki wanaokaushwa. Madirisha yalikuwa mawili, yote yanaangalia ziwa kupitia nafasi iliyobaki kati ya mapaa mawili ya bati. Ukutani kulikuwa na picha. Sasa, mimi nilikuwa nimezoea picha zenye vitu: simba, mama amebeba mtoto, mtumbwi na jua. Hizi hazikuwa na kitu. Moja ilikuwa na mistari mitatu ya kijivu, mmoja mzito na miwili inayofifia, na iliyobaki yote ni karatasi nyeupe. Nyingine ilikuwa na doa kubwa jeusi chini na ukungu juu yake, basi. Lakini ukikaa ukiangalia lile doa, polepole linakuwa majabali yale ya njiani ukitokea Bunda, yaliyopandana kama vile kuna mtu aliyapanga akasahau kurudi. Na ule weupe unakuwa ziwa saa kumi na mbili asubuhi, wakati hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Mara ya kwanza kuliona hilo nilikuwa nimepeleka chai. Chai ilipoa mkononi.

Barazani lakini walikuwa na maoni yao. Mimi nikiwa nashona mapindo (na kuyafumua, maana nilikuwa nashona kama mtu anayefukuzwa) niliyasikia yote. "Huyu Mwalimu anachoraga ukungu tu," mteja mmoja aliyeleta gauni kupunguzwa alisema. "Karatasi kubwa vile, hata ng'ombe mmoja hakuna!" Mama Shabani, ambaye ulimi wake ulikuwa na ncha kuliko sindano zake, akamjibu huku anakanyaga cherehani: "Ng'ombe yupo. Ameingia kwenye ukungu. Subiri jioni atatoka." Wakacheka wote, na kutoka chumba cha katikati tukamsikia Mwalimu mwenyewe akisema, bila kupaza sauti, "Akitoka mfunge, tutamkamua." Ndivyo walivyoishi wale wanawake wawili, kwa kutaniana kupitia ukuta.

Mchoro ule alifundishwa na mwanamke wa Kijapani aliyeitwa Keiko, aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu shuleni kwao wakati Mwalimu bado ni msichana wa kupiga chapa. Keiko alikaa miaka miwili. Jioni alikuwa anachora, na Zaituni anasaga wino. Kwao, Mwalimu aliniambia, wino ni masizi yaliyogandishwa kwa gundi, unausaga na maji juu ya jiwe taratibu mpaka moyo wako utulie, maana karatasi ile haina msamaha: ukishaweka brashi, umeweka. Hakuna kufuta. Na sehemu ambayo hukugusa ni sehemu ya picha vilevile, ndiyo inayopumua. Keiko alipoondoka alimwachia jiwe, brashi, karatasi, na muhuri mdogo aliouchonga mwenyewe, wenye jina la Zaituni kwa herufi za kwao. Mimi herufi hizo niliziona kama kiti kilichoanguka. Kazi ikikamilika, mchoraji akiwa ameikubali kwa moyo wake wote, ndipo anagonga muhuri ule kwa wino mwekundu, kona ya chini kushoto. "Na usipoikubali?" nikamuuliza. "Haigongwi," akasema. Neno hilo nililimeza kama mwiba wa sato, likakaa palepale kooni kwa miaka.

Wino wa Keiko ulikuwa umekwisha zamani. Mwalimu alikuwa anakwangua masizi kwenye vyungu na kuchanganya na gundi ya mgunga. Mimi nilianza kumkwangulia kwa sababu jiko lilikuwa langu na masizi yalikuwa yangu. Ila kilichotufanya tuwe marafiki ni ukuta. Lile jiko la uani lilikuwa limechakaa, udongo unabanduka vipande, na Jumamosi moja niliona siwezi kulala tena kando ya aibu ile. Nikachanganya udongo, mavi ya ng'ombe na majivu kama tunavyofanyaga nyumbani, nikakunja mikono ya gauni, nikalisiriba lote. Ukisiriba vizuri hutumii kiganja, unatumia bega. Mkono unatoka pembeni unakwenda kama upinde mpaka unapoishia wenyewe. Nilikuwa naimba, nimepakaa mpaka kwenye nyusi, nikageuka nikamkuta Mwalimu amesimama mlangoni, inaonekana kwa muda mrefu. "Nani alikufundisha kuuachia mkono uende?" akaniuliza. Nikamwambia hakuna, ukiuzuia ukuta unatoka na mabaka. Akaufuata ukuta kwa macho. Halafu akasema, "Mimi ilinichukua miaka sita." Jioni hiyo tulikula pamoja kwa mara ya kwanza, ugali wa muhogo na dagaa wa kukaanga na nyanya nyingi, tumeketi kwenye mkeka, naye akanipa brashi nyembamba kuliko zote akaniambia nichore mstari mmoja. Nikachora. Akauangalia. "Huu ni mstari wa mtu anayetaka kupendwa," akasema. "Chora mwingine." Nilichora mpaka dagaa wakaisha bakulini.

Kuna kitu nilikiona usiku huohuo wa chakula, nikajifanya sikukiona. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Siyo sana. Kijiko kiligonga ukingo wa bakuli ti-ti-ti, akakiweka chini akala kwa kushoto. Baadaye nilimsikia akimwambia Mama Shabani barazani, "Daktari anasema itaongezeka tu. Nina mwaka mmoja wa mkono, labda." Na Mama Shabani, yule wa maneno, akaondoa mguu kwenye cherehani. Ndipo Mwalimu akamweleza kuhusu karatasi. Ilikuwa imebaki moja tu, ile ndefu, urefu wa kitanda na zaidi, ameitunza miaka yote ndani ya bomba la plastiki kwa kuogopa mchwa. Zahanati moja ya mama na mtoto kule Nyasura, Bunda, ilikuwa imemwomba picha ya kuweka pale wanapongojea wajawazito. Alitaka kuwapa hiyo. "Nataka mtu anayeumwa uchungu aangalie kitu kisichomsemesha," akasema. "Moja kubwa, Mama Shabani. Halafu mkono ukitaka uende."

Alisubiri wiki tatu apate siku ambayo mkono umetulia. Siku ilipofika aliswali alfajiri, akakaa kusaga wino, na mimi nilikaa mlangoni nimeshika kopo la maji, sipumui. Aliitandika ile karatasi juu ya blanketi. Akapiga magoti. Nakwambia, yule mama mwenye miaka karibu sitini alichora kwa bega! Mkono wake ulitoka pembeni ukaenda kama upinde, ukaishia wenyewe, na haukutetemeka hata kidogo. Mstari wa ufuko. Jabali moja kubwa upande wa kulia. Kisha brashi pana yenye maji mengi, anga la kijivu laini lililopanda na kufifia mpaka likawa weupe mtupu. Mpaka saa nne alikuwa amemaliza. Akakaa kitako, akalia kidogo, akajifuta kwa ushungi, akacheka. "Bado anga ni bichi sana," akaniambia. "Naenda hospitali kuchukua dawa za mkono. Wewe iangalie tu. Usifanye kitu chochote."

Na mimi nikafanya kitu. Siku ile hewa ilikuwa nzito, ya kunata, na kila nikiinama kuliangalia lile anga naona maji bado yanang'aa. Kwetu ukuta usipokauka unachipuka ukungu, kwa hiyo moyo wangu ulikuwa juu. Nikachungulia dirishani, nikaona kwa mbali ziwani moshi, nguzo mbili tatu ndefu nyeusi zimepanda mbinguni. Nikajisemea, wanachoma nini huko katikati ya maji? Mtu wa Mukendo, hata mtoto wa chekechea, angejua. Mimi ni mtu wa mlimani, ziwa nilikuwa nimeliona zaidi kwenye picha za Mwalimu. Nikasikia mtaa mzima wanafunga madirisha, pa, pa, pa, nikawaza kweli watu wa mjini wanaogopa moshi. Upepo ukaanza kuvuma kutoka huko, mzuri, wa ubaridi. Nikafungua madirisha yote mawili ili anga likauke.

Haukuwa moshi; walikuwa wale wadudu wa ziwani wanaopanda kwa makundi kutoka majini, na wakiingia hawaingii kama nzi. Wanaingia kama pumzi. Ni wadogo kuliko mbu, hawaumi, hawana kosa lolote, ila ni maelfu kwa maelfu, na chumba kikawa cha kijivu. Wakanijaa puani, kwenye nywele, kwenye kope. Nikayafunga madirisha huku nalia na kutema. Nilipogeuka, nikaona wametua kwenye anga. Popote palipokuwa pabichi walikuwa wamenasa, mamia, wengine bado wanapiga mabawa. Karatasi ya mwisho! Mkono wa mwisho! Nikapiga magoti, kidole kimeshatangulia kuwatoa, na hapo ndipo kitu kikanizuia. Kilikuwa ukuta wa nyumbani. Kuku akikanyaga ukingo wa ukuta uliosiribwa sasa hivi, mtoto wa Butiama anapigwa akijaribu kuzifuta nyayo. Udongo mbichi haugusiki. Unaacha ukauke, halafu unapita na fagio laini, na kinachobaki kinabaki. Nikairudisha mikono yangu nyuma ya mgongo, nikashika kiwiko kwa kiwiko, nikakaa hivyo. Nilikaa saa mbili na zaidi. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile ya kutofanya kitu.

Mwalimu alirudi saa saba, anapangusa wadudu begani, akaita kutoka barazani, "Vero, natumaini ulifunga..." Akaingia. Sitaeleza uso wake. Aliona, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo, akachukua kitambaa, akakikamua, na mkono wake sasa ulikuwa unatetemeka mpaka maji yanaruka. Akainama. Mimi nikapiga kelele, "Usiguse!" Nilimwamuru mtu mzima, mwenye nyumba, ambaye nilikuwa nimemharibia maisha yake saa chache tu zilizopita. Mama Shabani alikuja mbio na futi yake shingoni. "Mwalimu nakuomba," nikasema, "nifukuze, lakini usiguse. Kwetu udongo mbichi haugusiki. Acha wakauke, kesho tutawapangusa kwa nyoya. Ukifuta sasa utaondoka na anga lote." Tukabaki hivyo, yeye na kitambaa kinachodondosha matone, mimi na mikono mgongoni. Nikahesabu matone. Lilipofika la kumi na tisa akakirudisha kitambaa kwenye ndoo, akaketi chini palepale, akauegemea ukuta. "Nani alifungua madirisha?" akauliza. "Mimi," nikasema. "Nilidhani ni moshi." Mama Shabani akarudi barazani, na baada ya muda tukamsikia akijisemea, "Moshi! Mungu wangu. Moshi!"

Asubuhi yake tuliwapangusa kwa nyoya la jogoo, mimi na yeye, kila mmoja upande wake. Walitoka vizuri, wepesi kama makapi. Na kila mmoja aliacha alama, kijinukta cheupe chenye ukingo mweusi, mamia ya vijinukta, vimejaa chini karibu na ufuko na kupungua kadiri anga linavyopanda, mpaka vikaishia kwenye weupe. Mwalimu aliviangalia kwa muda mrefu sana. Mimi nilimwangalia yeye. Nilikuwa nangoja aende kwenye kijaluba chake, kikopo kidogo alichowekea muhuri na wino wake mwekundu, autoe. Akakifungua kijaluba, akachungulia ndani, akakifunga. Halafu akaikunja karatasi akaisukuma kwenye bomba. Hakunifukuza, hakunigombeza, hakusema neno lolote la picha ile. Tukanywa chai na viazi vitamu. Nilitamani angenipiga.

Gari la zahanati likaja, tukaenda na picha mpaka Nyasura, seremala akaitia fremu na kioo, Nesi Bhoke, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, akaishikilia upande mmoja wakati inatundikwa. Nilisimama pale nimeangalia kona ya chini kushoto. Tupu. Kwenye benchi alikuwepo bibi mmoja wa Mugango aliyemleta binti yake kujifungua, amefunga kanga kiunoni, miguu ina magamba ya samaki. Aliitazama ile picha kwa kukunja uso, nikajua sasa atauliza ng'ombe yuko wapi. "Ee," akasema, "hawa wadudu wameanza kupanda. Siku hiyo hatuaniki dagaa sisi, tunafunika. Lakini samaki furu watakuwepo." Binti yake, kati ya uchungu na uchungu, akageuza kichwa akaangalia. "Ni kwetu," akasema. Akawa anaviangalia vile vijinukta na midomo inachezacheza kama anavihesabu, mpaka wakaja kumchukua. Mwalimu alikuwa karibu nami, akatoa sauti ndogo puani ambayo kwake ni kicheko. Mtu mwingine angeridhika. Mimi nilijua kanuni. Hakuikubali? Haigongwi.

Mwisho wa mwaka mkono ulimshinda kabisa. Binti yake akaja kumchukua kumpeleka Mwanza, nyumba ikapangishwa, Mama Shabani akahamishia cherehani zake karibu na soko, na mimi nikaacha kushona, kwa faraja ya watu wengi. Mwalimu aliniachia jiwe na ile brashi nyembamba. Nikahamia Bunda, nikajifunza kupaka nyumba. Nimeolewa na ukuta, ndivyo wanavyonitania mafundi wenzangu. Na Jumapili mchana, nikitoka kanisani, nasaga masizi na kuchora mistari yangu juu ya karatasi za kawaida za duka, mingine imeanza kuacha kutaka kupendwa. Kila Idd nilimpigia Mwalimu kumtakia heri, kila Krismasi alinipigia yeye. Tuliongea kuhusu mvua, bei ya sato, magoti yake. Kuhusu muhuri sikuuliza hata siku moja. Mtu anaweza kuishi vizuri tu na jambo la namna hiyo, akacheka, akala, akapendwa na majirani, ila akipita Nyasura anavuka barabara upande wa pili.

Alhamisi nikaenda. Picha ilikuwa imelazwa juu ya meza kwenye chumba kitupu cha zahanati, kuta zina alama za makabati yaliyoondolewa. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, mikono yote miwili inacheza mapajani kama ndege wawili. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba. Lete vidole." Akaviangalia, rangi ya krimu imeganda kwenye kucha, akatikisa kichwa, ameridhika. Tukainamia picha bila kioo. Vijinukta vilikuwa palepale, anga linapanda na kuyeyuka. Sikuweza tena. Miaka kumi na moja ikanitoka kwa mara moja, nikalia mbele ya Nesi Bhoke na mfanyakazi wa usafi: kwamba ninajua niliharibu, kwamba ninajua ndiyo maana hakuigonga muhuri, kwamba ilikuwa karatasi yake ya mwisho na mimi nikafungua madirisha, na anisamehe.

Mwalimu akaniangalia kama mtu anayetafuta miwani. "Muhuri upi?" akasema. Nikaonyesha kona. Akainama, akaitazama kona tupu kwa muda, halafu akaanza kucheka, ule wa puani kwanza, kisha wa tumbo, mpaka ushungi ukamteleza na Bhoke akamrudishia. "We mtoto," akasema akipata pumzi, "ule wino mwekundu ulikuwa umekauka. Siku ile nilifungua kijaluba nikakuta umekuwa tofali. Nikasema nitamwandikia Keiko aniletee mwingine. Kisha mkono, kisha Mwanza, kisha nikasahau! Nimesahau mpaka leo unaponiambia." Akajifuta macho. "Hizo Idd zote, Vero. Tumeongea bei ya sato miaka kumi na moja, na hukuniuliza?" Nikasema niliogopa. Akanishika kidevu kwa ule mkono unaocheza, kidevu changu kikacheza nao. "Sikiliza. Kama ningefuta siku ile ningekuwa na karatasi ya matope. Na wadudu wasingeingia, ningekufa nadhani nilichora ukungu mzuri. Hawa wadudu wako ndio walioniletea ziwa. Mimi nililipata anga tu."

Akafungua mkoba, akatoa leso, na ndani ya leso muhuri, kile kiti kilichoanguka. Anatembeaga nao, alisema, kama wengine na tasbihi. Lakini wino? Tukaangaliana. Zahanati walikuwa na wino wa mihuri, wa zambarau, Mwalimu akaukataa kabla haujafika mezani. Ndipo Nesi Bhoke, bila kusema neno, akaingiza mkono mfukoni mwa sare akatoa lipstiki. Nyekundu ya harusi. "Ina mafuta," nikasema, "itashika." Nikaupaka muhuri kwa kidole, taratibu, kila pembe. Nikampa Mwalimu. Akanirudishia. "Mkono gani huu?" akasema. "Gonga wewe. Kwa bega."

Nikagonga. Nilipoinua, palikuwa na alama ndogo nyekundu kwenye kona ya chini kushoto, inang'aa, na imelala upande kidogo, kama kiti kilichoanguka mara ya pili. "Imepinda," nikasema. "Mwalimu, imepinda, ngoja niifute haraka kabla..." Kidole changu kilikuwa tayari njiani.

"Usiguse," akasema Mwalimu Zaituni. "Bado mbichi."